Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Bia katika Usaili wa Kazi ya Kaunta

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo waombaji wa kazi ya kaunta katika hoteli, migahawa na baa za Tanzania na Kenya huyarudia kila wanapojiandaa kwa usaili. Majibu yanamlenga mtu anayetaka kuelewa anachokisema, kwa sababu msaili mzoefu humtambua aliyekariri mara tu anapoligeuza swali kidogo. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya siku ya usaili

Kwa nini naulizwa habari za bia wakati kazi yenyewe ni kufungua chupa na kupokea pesa?

Katika kaunta nyingi za kwetu bia ndiyo inayotoka kwa wingi kuliko kinywaji kingine chochote chenye kilevi, na hasara nyingi za kaunta huanzia hapo hapo: chupa zilizopitwa na muda, bia ya bomba inayoishia kuwa povu, na mteja anayerudisha glasi kwa sababu aliuziwa kitu ambacho hakukitarajia. Msaili anapokuuliza tofauti ya laga na stauti, kwa kweli anataka kujua kama utaweza kumsaidia mgeni anayesema, "Naomba kitu chepesi kisicho na uchungu," bila kumwita meneja. Kwa hiyo kila jibu lako lilenge kwa mgeni. Ukieleza jinsi bia inavyotengenezwa, malizia kwa kusema inavyoonja na nani huipenda.

Nina siku mbili tu za kujiandaa. Nianze wapi?

Anza na bia ambazo nyumba hiyo inaziuza. Ikiwezekana, tafuta orodha ya vinywaji ya hoteli au baa uliyoomba kazi, kisha nenda dukani usome lebo za bia hizo moja baada ya nyingine: jina la kiwanda, asilimia ya kilevi, ujazo, viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi. Nimewasikia wasailiwa wakieleza vizuri sana bia za watawa wa Ubelgiji, halafu wakashindwa kusema kati ya Safari Lager na Kilimanjaro Premium Lager ipi ina kilevi zaidi. Hilo ni pengo ambalo msaili hawezi kulifumbia macho, kwa kuwa bia ya watawa huenda isiagizwe mwaka mzima, ilhali hizo mbili zitaagizwa kila jioni.

Baada ya lebo, jifunze viambato vinne vya bia, tofauti ya laga na eli, na namna ya kumimina. Mengine yote yanajengwa juu ya hayo.

## Misingi

Bia inatengenezwa kwa kutumia nini?

Maji, nafaka iliyofanywa kimea (aghalabu shayiri), hopsi na hamira. Kimea hupatikana kwa kulowesha shayiri hadi ianze kuchipua, kisha kuikausha kwa joto; kuchipua huko ndiko kunakoandaa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari wakati kimea kilichosagwa kinapochanganywa na maji ya moto. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na hopsi, ambayo ni maua ya mmea unaotambaa na ndiyo yanayotia uchungu, harufu na uwezo wa kukaa muda mrefu bila kuharibika. Yakishapozwa hutiwa hamira, nayo hula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi.

Ukitaka kuongeza jambo moja la historia, taja agizo la Bavaria la mwaka 1516 lililosema kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwa kuwa wakati huo watu hawakuwa wameielewa kazi yake. Hapa kwetu viwanda hutumia pia mahindi, mtama au sukari pamoja na shayiri, na hilo si kosa wala udanganyifu. Ni mapishi tofauti, nayo huifanya bia iwe nyepesi mdomoni.

Laga na eli zinatofautianaje?

Tofauti iko kwenye hamira na joto la kuchachushia. Hamira ya eli hufanya kazi katika joto la takriban nyuzi 16 hadi 22, huelekea kupanda juu ya chombo, na huacha ladha na harufu za matunda au viungo. Hamira ya laga hufanya kazi katika ubaridi wa takriban nyuzi 8 hadi 13, huzama chini, kisha bia huhifadhiwa baridi kwa wiki kadhaa hadi ladha yake iwe safi na laini.

Kosa linalojirudia ni kusema kwamba laga ni bia nyeupe na eli ni bia nyeusi. Rangi haihusiki kabisa na mgawanyo huu. Ziko laga nyeusi nchini Ujerumani na ziko eli za rangi ya dhahabu nchini Uingereza. Rangi hutokana na kimea: kadiri kinavyokaangwa, kama buni za kahawa, ndivyo bia inavyozidi kuwa nyeusi na kupata ladha ya kuungua. Ukilisema hili kwa utulivu, msaili atajua kwamba umeelewa.

Nizielezeje aina nyingine kwa ufupi?

Pilsna ni laga ya rangi ya dhahabu yenye uchungu wa hopsi unaoonekana wazi. Ilianzia katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, mwaka 1842, na aliyeipika alikuwa Josef Groll kutoka Bavaria. Stauti ni eli nyeusi yenye ladha ya kahawa na chokoleti chungu, iliyotokana na pota, bia nyeusi za zamani za London. IPA, kifupi cha India Pale Ale, ni eli yenye hopsi nyingi, chungu, yenye harufu ya machungwa, maua au msonobari, na jina lake linahusiana na bia zilizosafirishwa kutoka Uingereza kwenda India. Bia ya ngano ya Ujerumani ni yenye ukungu, ina povu jingi, na huleta harufu ya ndizi mbivu na karafuu, ambayo hutoka kwenye hamira yenyewe bila kutiwa ndizi wala karafuu. Lambiki ya Ubelgiji huachiwa hamira za mwituni zilizomo hewani na matokeo yake ni bia yenye uchachu.

Hizo tano zinatosha kwa usaili wa kawaida. Hoteli kubwa ikitaka zaidi, mara nyingi itakupa mafunzo yenyewe.

Asilimia iliyoandikwa kwenye lebo ina maana gani, na nitaulizwa hesabu?

Ni kiasi cha kilevi safi katika ujazo wa kinywaji. Hesabu huulizwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa katika hoteli zinazojali usalama wa wageni, kwa hiyo ifanyie mazoezi. Chupa ya mililita 500 ya Safari Lager, yenye asilimia 5.5, ina mililita 27.5 za kilevi safi. Chupa ya ujazo huo ya Tusker Lager, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Toti moja ya mililita 30 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina mililita 12.

Maana yake ni kwamba chupa moja kubwa ya Safari imezidi toti mbili za wiski ya nguvu hiyo. Mteja anayesema, "Mimi leo nimekunywa bia tu," huenda amekunywa kilevi kingi kuliko jirani yake mwenye glasi ndogo, na mhudumu wa kaunta anayelijua hilo huona mapema nani anahitaji kuletewa maji na chakula.

Je, bia nyeusi ndiyo kali zaidi?

Hapana, na swali hili huulizwa kwa makusudi. Guinness ya bomba inayonywewa Dublin ina asilimia 4.2 tu, yaani iko chini ya Safari Lager yenye rangi ya dhahabu. Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba kila stauti ni nyepesi, kwa sababu Guinness ya chupa iliyozoeleka katika baa zetu, iitwayo Foreign Extra Stout, ni bia nyingine yenye nguvu zaidi ya hiyo ya bomba. Jibu lililo salama na la kweli ni hili: rangi hueleza kimea, nguvu husomwa kwenye lebo.

## Bia za kwetu

Ni viwanda na chapa zipi ninazopaswa kuzijua?

Kwa Tanzania, jua Tanzania Breweries, ambayo historia yake inarudi hadi mwaka 1933 na ambayo hutengeneza Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi na Castle. Na Serengeti Breweries, yenye Serengeti Premium Lager na Serengeti Lite, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ilinunuliwa na East African Breweries ya Kenya mwaka 2010. Safari ina asilimia 5.5 na Kilimanjaro 4.5, na ukimweleza mgeni kwamba ya kwanza ni nzito zaidi mdomoni na ya pili ni nyepesi, utakuwa umemsaidia kuchagua. Usaili wa Mwanza au Bukoba hauwezi kupita bila Balimi kutajwa.

Kwa Kenya, jua Tusker, White Cap, Pilsner na Guinness, zote za Kenya Breweries. Nairobi pia ina viwanda vidogo kama Bateleur na 254 Brewing, ambavyo hutengeneza IPA na bia za ngano. Ukiomba kazi Westlands au Karen, vijue. Uganda kuna Nile Special na Bell, Rwanda kuna Mützig na Primus, na Primus hiyo hiyo inajulikana Burundi na Kongo. Wageni kutoka nchi hizo wakikuta unaitambua bia ya nyumbani kwao, hata kama huna ya kuwauzia, mazungumzo huwa mepesi.

Msaili akiniuliza hadithi ya jina la Tusker, nisemeje?

Sema kwa ufupi. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo alipokuwa akiwinda, na bia ikapewa jina la tembo dume mwenye pembe kubwa. Watalii huipenda hadithi hii, na hoteli za mbugani huwataka wahudumu waijue. Isimulie bila kuongeza chumvi. Ni kifo cha mtu, na kinatosha jinsi kilivyo.

Mtalii akitaka "bia ya kienyeji", anamaanisha nini, na nimweleze nini?

Kwanza muulize, kwa upole, kama anataka bia ya kiwandani iliyotengenezwa nchini au pombe ya asili. Wengi hutaka ya kwanza. Akitaka kujua kuhusu ya pili, hapo ndipo penye nafasi yako ya kung'ara, kwa kuwa hakuna kitabu cha Ulaya kitakachomwambia msaili mambo haya vizuri kuliko mtu aliyekulia hapa.

Mbege ya Wachagga hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, kisha zikachanganywa na uji wa ulezi uliofanywa kimea. Uchungu wake hutokana na magome ya msesewe, yanayofanya kazi ileile ambayo hopsi hufanya katika bia ya kiwandani. Rubisi ya Kagera hutokana na maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa na kuchachushwa pamoja na mtama uliokaangwa. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Hizi zote zina nafaka ndani yake na zinaweza kuitwa bia bila kukosea. Mnazi wa pwani na ulanzi wa Iringa ni utomvu, wa mnazi na wa mwanzi, uliochacha wenyewe, kwa hiyo haviko katika kundi hilo. Gongo na chang'aa hukenekwa (huchemshwa na mvuke wake kukusanywa), na mgeni asielekezwe huko kamwe.

Mbege huendelea kuchacha hata ikiwa tayari, na haidumu. Ndiyo sababu huikuti kwenye friji ya hoteli ya Dar es Salaam. Ukiweza kumweleza msaili sababu hiyo, umeonyesha kwamba unaielewa hamira, si mbege peke yake.

Mteja akisema "Pilsner" au "kegi", anataka nini hasa?

Nchini Kenya, anayesema "nipe Pilsner" karibu kila mara anataka chapa ya Pilsner yenye picha ya simba, na hatarajii kuulizwa kuhusu mji wa Plzeň. Mgeni kutoka Ujerumani akisema neno hilohilo anataja aina ya bia, na atakubali laga yoyote chungu kiasi. Vivyo hivyo "kegi": kwa Mkenya ni Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyoingizwa sokoni mwaka 2004, ilhali katika lugha ya wauzaji wa vinywaji ni pipa la chuma la bia yoyote. Msaili akikupa hali kama hii, jibu sahihi ni kuuliza swali moja fupi kabla ya kufungua chochote.

## Kuhudumia

Mteja anataka bia ya moto. Msaili anasema bia lazima iwe baridi. Nijibu vipi?

"Ya baridi au ya moto?" ni swali la kwanza la kaunta katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, na bia ya moto, yaani ile isiyoingia kwenye friji, ina wapenzi wake wa kudumu, hasa wazee na watu wa maeneo ya baridi kama Njombe na Limuru. Yeyote anayekudharau kwa kuiheshimu desturi hiyo haijui kaunta ya hapa.

Mweleze msaili kwamba kwa kawaida laga nyepesi hupendeza katika nyuzi 3 hadi 5, na kwamba eli na stauti nzito hutoa ladha yake vizuri zaidi katika nyuzi 8 hadi 12, kwa sababu ubaridi mkali hufunika ladha na harufu. Kisha ongeza kwamba mteja ndiye mwenye kauli ya mwisho, na kwamba utaweka akiba ya chupa nje ya friji, kivulini na mbali na jiko, kwa ajili ya wanaozitaka hivyo. Bia ya moto inayopendwa ni ya joto la chumba lenye ubaridi. Iliyopigwa na jua nyuma ya baa imeharibika, na hakuna anayeipenda.

Katika jaribio la vitendo nitaambiwa nimimine bia. Wanatazama nini?

Wanatazama mikono yako tangu unapoichukua glasi. Ishike chini, usiiguse ukingo wala kuingiza vidole ndani. Isuuze kwa maji baridi safi. Mwonyeshe mteja lebo, fungua chupa mbele yake, na hili la mwisho lina uzito mkubwa kwetu, kwa kuwa wateja wengi hawakubali chupa iliyofunguliwa pasipo wao kuiona. Inamisha glasi nyuzi 45, mimina taratibu ubavuni hadi ifike zaidi ya nusu, kisha isimamishe na umalizie katikati ili ipatikane kofia ya povu ya sentimita 2 hadi 3. Mdomo wa chupa usiguse bia.

Wateja wetu wengi hawapendi povu na huliona kuwa ni kupunjwa. Kwa bia ya chupa hilo halina ugomvi, kwa sababu kilichobaki kiko kwenye chupa na ni chake. Kwa bia ya bomba, glasi iwe na ujazo unaoruhusu povu juu ya kipimo alicholipia. Mbele ya msaili, mimina na povu na ueleze kwamba ndilo linalobeba harufu. Mbele ya mteja, muulize anavyotaka. Bia ya ngano humiminwa yote, na tone la mwisho hutikiswa kidogo chupani ili hamira iliyotuama chini itoke, isipokuwa mteja akikataa.

Guinness ya bomba ina utaratibu wake: glasi iliyoinamishwa hujazwa takriban robo tatu, huachwa itulie hadi nyeusi na nyeupe zitengane, kisha humaliziwa ikiwa wima. Gesi yake ina naitrojeni nyingi, ndiyo maana povu lake ni laini mno.

Nitajuaje kwamba glasi ni safi kweli?

Glasi inaweza kung'aa na bado ikawa na mafuta au mabaki ya sabuni. Mimina bia na utazame: viputo vikishika ukutani mwa glasi, pana uchafu hapo, povu likizama upesi bila kuacha mistari ukutani kila mteja anaponywa, ni mafuta. Njia nyingine ni kuichovya glasi tupu majini na kuitoa. Maji yakiteremka kama pazia moja, ni safi, na yakijikusanya matone, ioshwe tena. Usifute ndani kwa kitambaa, na usizioshe glasi za bia katika maji yaliyotumika kwa glasi za maziwa au sahani za nyama. Glasi iliyogandishwa kwenye friza huonekana nzuri, lakini barafu yake huchochea povu na kuipunguza ladha ya bia.

Bia ya bomba inatoa povu tupu. Nitafanya nini?

Hili ni swali ambalo hutenganisha aliyewahi kukaa kaunta na aliyesoma tu, kwa hiyo lijibu kwa mpangilio wa uchunguzi. Kwanza joto: pipa likiwa limetoka kuletwa kwa gari juani, au chumba cha baridi kikiwa kimezima kwa kukatika umeme, gesi hutoka ndani ya bia na kuwa povu. Bia ya pipa inataka takriban nyuzi 3, na pipa lililopata joto linahitaji muda mrefu kupoa, hata usiku mzima. Pili, shinikizo la gesi: tazama geji ya mtungi. Wengi hudhani povu ni dalili ya gesi kuzidi peke yake, lakini gesi ikipungua sana bia huanza kuachia gesi yake ndani ya mpira unaoipeleka bombani na povu hutokea vilevile. Tatu, usafi wa mipira na kichwa cha bomba, ambavyo vinatakiwa kuoshwa angalau kila baada ya wiki mbili. Nne, mkono wako mwenyewe: bomba hufunguliwa lote kwa mara moja, kwa kuwa likifunguliwa nusu hutema povu. Mwisho, angalia kama pipa limekwisha.

Sema pia kwamba hutaigusa geji bila ruhusa ya msimamizi iwapo huo ndio utaratibu wa nyumba. Mtungi wa gesi una hatari yake, na chumba kidogo kisicho na hewa kinaweza kujaa kaboni dayoksaidi ikivuja.

Kwa nini chupa nyingi za bia ni za rangi ya hudhurungi?

Mwanga wa jua ukipenya kwenye bia hugeuza viambato vya hopsi kuwa kitu chenye harufu mbaya kali, na hutokea upesi. Kioo cha hudhurungi huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani huzuia kidogo, na cheupe hakizuii karibu chochote. Kwa hiyo kreti zisikae juani, na chupa za kijani au nyeupe zisipangwe dirishani kama mapambo.

Mteja anasema bia imeharibika. Je, niionje?

Usinywe kwenye glasi yake. Mwombe radhi, ichukue, inuse, tazama tarehe na utazame kama ina mawingu yasiyo ya kawaida. Harufu ya karatasi au boksi lililolowa ni dalili ya bia iliyozeeka au kukaa kwenye joto. Harufu iliyotajwa katika swali lililotangulia ni ya jua. Uchachu na harufu ya siagi katika bia ya bomba mara nyingi hutoka kwenye mipira michafu. Kauli ya kutumia iwe nyepesi: "Samahani mzee, nakubadilishia sasa hivi." Mabishano ya nani ana haki yasifanyike mbele ya meza. Baadaye chupa hiyo iandikwe kwenye daftari la upotevu na chupa nyingine za kreti hiyo zikaguliwe. Ukitaja daftari hilo katika usaili bila kuulizwa, msaili atakumbuka.

Kinga yake ni kupanga friji vizuri: iliyoingia kwanza itoke kwanza, mpya ziwekwe nyuma.

## Maswali ya mtego na hali za pembeni

Ni kweli kwamba bia nyeusi inaongeza damu?

Imani hii imeenea sana kwetu, na wapo wanaowashauri hata kina mama waliojifungua wanywe stauti. Usiithibitishe. Kiasi cha madini ya chuma kilichomo ni kidogo mno, na kilevi kina madhara yake kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha. Matangazo ya Guinness yaliyoanza Uingereza mwaka 1929 yalidai kwamba ni nzuri kwa afya, na dai hilo limeacha alama ndefu. Mhudumu wa kaunta hauzi dawa. Mteja akiuliza, mweleze ladha tu.

Mgeni Mwislamu au dereva anaomba bia isiyo na kilevi. Nimhakikishie nini?

Mhakikishie kile tu kilichoandikwa kwenye lebo, na umpe chupa au kopo alisome mwenyewe kabla ya kufungua. Katika nchi kadhaa za Ulaya kinywaji huweza kuitwa kisicho na kilevi kikiwa na hadi asilimia 0.5, na kipo kingine kilichoandikwa 0.0. Kama ni halali au la ni uamuzi wake na wa wanazuoni wake, usimjibie. Kihudumie kwenye glasi safi ya peke yake, na kamwe usimpe mtu kinywaji chenye kilevi kwa kisingizio kwamba friji imeishiwa na zile nyingine zinafanana. Zanzibar, hasa mwezi wa Ramadhani, uangalifu huu utaulizwa kwa uwazi.

Na mwenye mzio wa gluteni?

Shayiri na ngano zina gluteni, kwa hiyo bia nyingi hazimfai. Mtama hauna, lakini bia inayotajwa kuwa ya mtama inaweza kuwa imechanganywa na kimea cha shayiri. Usiahidi kwa kukisia. Mpe lebo aisome au mpendekezee kinywaji kisicho bia.

Nitaulizwa kuhusu umri na walevi?

Utaulizwa. Tanzania na Kenya zote haziruhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18; Tanzania kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kenya kuna sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010. Ukiwa na shaka, omba kitambulisho kwa heshima. Kwa aliyekwisha kulewa, eleza hatua: kupunguza kasi ya huduma, kupeleka maji na chakula, kumjulisha msimamizi na mlinzi mapema, kisha kukataa kwa sauti ya chini, ikiwezekana kupitia rafiki aliyekuja naye: "Kaka, naomba tumpumzishe mwenzetu, nitakuitieni gari." Hesabu ya kilevi iliyotolewa katika sehemu ya misingi itakusaidia kueleza kwa nini uliamua hivyo.

Sinywi pombe kabisa. Niseme ukweli?

Sema. Wapo wahudumu hodari sana wa kaunta ambao hawanywi, kwa sababu ya dini, afya au uamuzi wao tu, na mameneja wengi hufurahia kwa kuwa mali haipotei. Kinachotakiwa ni uonyeshe unavyojifunza ladha bila kunywa: kwa kunusa, kwa kuwauliza wateja wa kudumu wanaionaje, kwa kusoma maelezo ya kiwanda. Swali la "bia uipendayo ni ipi?" lijibu hivi: "Mimi sinywi, lakini kwa mgeni anayekula nyama choma ningempendekezea laga baridi yenye uchungu kiasi, kwa sababu inakata mafuta." Anayekunywa naye afuate mfano huohuo wa kutoa sababu, kutaja chapa peke yake hakumwambii msaili lolote.

Nikiulizwa nisichokijua?

Sema hukijui, kisha eleza utakavyokitafuta: kwa kusoma lebo, kumuuliza mkuu wa kaunta au wakala wa kiwanda. Wasaili wengine hutunga jina la bia lisilokuwepo ili waone kama utadanganya. Anayebuni jibu katika usaili atabuni pia mbele ya mgeni mwenye mzio.

Usaili wa kazi za Dubai una tofauti gani?

Una tofauti katika mambo matatu. Utahojiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maelezo yote ya hapo juu yafanyie mazoezi katika lugha hiyo. Bia zitakuwa za kimataifa zaidi, na wageni Waingereza watataka pinti yao ya mililita 568, ambayo ni kubwa kuliko ya Kimarekani ya mililita 473. Tatu, umri wa chini wa kuuziwa pombe Dubai ni miaka 21, na huuzwa mahali penye leseni tu. Mji jirani wa Sharjah hauiruhusu. Ukijibu "miaka 18" kwa mazoea ya nyumbani, usaili unaweza kuishia hapo.